Uji wa Injinia

Kwetu, siku ya posa, msichana ndiye huulizwa mwisho. Wazee wakishasalimiana, wakishaomba, wakishawasifia watoto wao mpaka mate yawakauke, baba humwita binti yake mbele ya wageni na kumuuliza kama anawajua, na kama kinywaji walicholeta kinywewe. Zamani kilikuwa pombe. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo wageni huleta uji uliochacha, ndani ya kibuyu. Msichana akionja, wote wanakunywa. Akikataa, wageni wanarudi na kibuyu chao.

Siku yangu ilipofika nilikuwa nimejibanza chumbani kwa wazazi wangu, mtaani Mbotela, Nairobi, nimejifunga leso mpya, binamu yangu kando yangu. Hema la wageni lilikuwa uani, kati ya mlango wetu na wa jirani, na kila neno lilitufikia kupitia dirishani.

Baba yangu alikuwa karani maisha yake yote ya kazi. Aliwafundisha kazi vijana waliotoka chuo kikuu, kisha vijana haohao wakawa wakubwa wake. Jambo hilo halikuwahi kumtoka kooni. Ndiyo maana alinisomesha kwa jino na ukucha, na ndiyo maana picha yangu ya joho iko sebuleni, juu kuliko kalenda ya kanisa. Nilipomwambia kuna mtu anataka kuja nyumbani, swali lake la kwanza lilikuwa, "Amesomea nini?"

Nikasema atajieleza akija.

"Mami," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mwenye digrii hata akianguka, huanguka na cheti mkononi. Fundi akianguka, ameanguka. Sikukusomesha ukaolewe na mtu wa jua kali."

Digrii yangu mwenyewe ilikuwa imenifikisha nyuma ya kaunta ya duka la fotokopi kule Tassia, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi. Baba hakulitaja hilo, wala mimi sikulitaja. Nyumbani kwetu tuna adabu sana tukitaka.

Na mtu niliyempenda alikuwa fundi wa mageti, Kariobangi. Alijua msimamo wa baba. Siku moja kabla ya kuja alinipigia simu. "Usijali," akasema. "Nimeshow anko aseme tu ukweli. Mimi ni fundi, na hiyo si noma."

Shida ni kwamba siku kama hiyo kijana hasemi. Huja na msemaji, naye hukaa kimya kama mzigo ulioletwa. Msemaji wake alikuwa mjomba wake, mtu wa suti na sauti ya mnadani.

"Huyu kijana wetu," nikamsikia mjomba akitangaza, "si mtu wa hivi hivi. Ni injinia. Chuo kikuu amemaliza!"

Makofi yakalipuka. Binamu yangu akanigeukia macho yamemtoka. "Manze! Chuo alienda lini?"

Nilisogeza pazia nikamwona mtu wangu ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Nilimngoja akohoe, ainue mkono, afanye chochote. Hakufanya. Na baba, ambaye ni mgumu kucheka na wageni, alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika. "Basi hapo wamekutana wasomi!" akasema.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Mjomba sikumkasirikia, kazi ya msemaji ni kupaka mafuta. Nilimkasirikia yule aliyenyamaza. Alikuwa anaionea haya kazi iliyonilisha nilipokuwa sina hata hilo duka la fotokopi. Papo hapo kishawishi kikanijia: nyamaza nawe, onja uji, baba amefurahi, nani atakwenda Kariobangi kuuliza? Kisha nikaona yatakayofuata. Kila Krismasi mume wangu akificha kucha zake zenye masizi chini ya meza. Watoto wetu wakifundishwa kazi ya baba yao inaitwaje nyumbani, na inaitwaje wakiwa kwa babu.

Nikaitwa.

Shangazi akamimina uji kwenye kikombe na kunikabidhi.

"Mami," baba akasema, bado anatabasamu. "Unawajua wageni hawa?"

"Nawajua."

"Basi tunywe uji wao?"

Nilimtazama mama. Akatazama chini.

"Baba, injinia aliyetajwa hapa simjui. Mimi namjua fundi wa mageti. Kama uji ni wa fundi, nitakunywa. Kama ni wa injinia, siwezi."

Redio ya jirani ikasikika hadi hemani. Mjomba akakohoa. "Mzee wetu, unajua, fundi na injinia ni kama..."

"Kijana," baba akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Wewe ni nani?"

"Mzee, kwa mila kijana huwa hasemi," mjomba akadakia.

"Nimemuuliza yeye."

Kijana akasimama. "Mimi ni fundi wa mageti, baba. Chuo sikufika."

"Na umekaa hapo ukisikia ukiitwa mtu mwingine, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Baba alinyoosha mkono nikampa kikombe. Akaurudisha uji kibuyuni, polepole, bila kumwaga hata tone, watu wote wakitazama. "Mkirudi," akamwambia mjomba, "mje na huyu. Yule mwingine mwacheni huko huko."

Sikulala kwa wiki nzima. Sikujua kama nimefukuza uongo au nimefukuza mume. Simu zake sikuzishika, na baba alikula chakula chake bila kuniangalia. Waliporudi, kijana alisimama mwenyewe kabla mjomba hajafungua mdomo, akasema anafanya kazi gani na anaifanyia wapi. Nikanywa. Baba akanywa pia, kwa uso wa mtu anayemeza dawa.

Tukaoana, nikadhani yameisha. Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, baba alikutana na wanaume wawili aliowafundisha kazi zamani, wale wale waliomzidi cheo. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Nikaona baba anavuta shati lake, ananyoosha mgongo.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema, mkono wake begani mwa mume wangu. "Injinia."

Nikauachia mkono wa mume wangu. Nilingoja, kama siku ile ya pazia.

Mume wangu akampa yule wa kwanza mkono. "Fundi wa mageti, mzee," akasema. "Niko Kariobangi. Karibu."

Baba akakohoa kama alivyokohoa mjomba.