Mchezo Uliozimwa Ulivyoiacha Kwaya ya Mke Wangu Bila Besi

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usihangaike kunitafutia utetezi. Nakwambia wewe kwa sababu hunijui, na hapa kwetu Nyamira hajabaki mtu wa kunisikiliza bila kucheka kwanza.

Mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na sita. Nina mke, nina chai shambani, nina ng'ombe wawili. Na nina ugonjwa unaoitwa Ngome!

Ngome ni mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi. Tuliucheza tukiwa vijana katika saiba ya Bi Zuhura, duka la kompyuta na intaneti pale mjini, kumi wakilinda ngome, kumi wakiivamia. Kisha wenye mchezo, huko ughaibuni, wakazima mitambo yao, na bila mitambo hiyo haufunguki hata ukilia. Kuununua huwezi, kuupakua huwezi. Miaka tisa sasa!

Tukaunda kundi la WhatsApp la kuungoja urudi. Kila siku mtu anauliza, "Wasee, kuna habari?" Kila siku hakuna. Mwaka huu watu wakaanza kujitoa kimyakimya. Hata Onchari, rafiki yangu tunayeimba naye besi kanisani, akaandika: "Mimi naona tufunge hii group. Hii kitu ilikufa."

Iliniuma, sikufichi. Ndipo nikadanganya.

Niliandika kwamba nina binamu anayefanya kazi na wenye mchezo. Kwamba Ngome itafunguliwa kwa saa moja tu, Sabato ijayo, saa nne na nusu asubuhi, kwa wachezaji wa zamani, na kila mtu atakuta cheo chake. Binamu mwenyewe hayupo duniani!

Kwa nini Sabato? Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Karibu sote kundini ni Wasabato, na saa hiyo tuko ibadani. Hakuna ambaye angeweza kuhakikisha. Jioni ningeandika, "Poleni, ilifunguka, mmeikosa," na matumaini yangeishi mwaka mwingine. Nilijipongeza kabisa. Mjinga mimi!

Sasa sikiliza. Sabato hiyo ilikuwa ya kufunga makambi, ile wiki ambayo makanisa ya eneo letu hukusanyika chini ya mahema. Mke wangu Kemunto ndiye mwalimu wa kwaya, na kwa mara ya kwanza tungeimba wimbo alioutunga yeye mwenyewe. Aliutunga akichuma chai, miezi mitatu. Katikati ya wimbo sauti zote zinanyamaza, halafu besi peke yao wanaimba mstari mmoja. Mama yake alikuja kutoka Nyansiongo wiki nzima kabla, akalala kwetu, ili ausikie.

"Wengine wakikosea nitavumilia," Kemunto aliniambia asubuhi akininyooshea tai. "Besi ndio naogopa."

"Wewe waogopa nini na mimi niko?" nikamjibu. Eti niko!

Kwaya yetu ina besi wanne. Nilipofika hemani nikakuta niko peke yangu. Onchari hayupo. Wale wengine wawili, ambao pia ni watu wa Ngome, hawapo. Nikiwa bado nashangaa, simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kundi la mashabiki wa Kisii: "Imethibitishwa! Ngome inarudi leo saa nne unusu! Mtu wa ndani kabisa amesema." Na chini picha ya ngome yenyewe, inang'aa.

Nakuomba usicheke. Ulikuwa uongo wangu mwenyewe, nilioupika kwa vidole hivi, umetembea hadi Kisii umerudi umevaa suti. Na niliuamini!

Nilijiambia labda nilibahatisha. Kisii nzima haiwezi kudanganywa. Na kama si kweli, Onchari amekwenda wapi? Kwaya ilikuwa iimbe saa tano. Mjini ni mwendo wa dakika kumi. Nikamwambia Kemunto naenda msalani.

"Haraka basi," alisema, macho yakiwa kwenye karatasi zake.

Nilikimbia tai ya kijani ikipepea begani. Bi Zuhura ni Mwislamu, Jumamosi anafungua kama kawaida. Ndani nikawakuta besi wangu watatu wameketi mstari mmoja, mashati meupe, tai za kijani, kila mtu na kompyuta yake.

"Kuna harusi humu na mimi sijaalikwa?" Bi Zuhura akauliza.

"Imefunguka?" nikamuuliza Onchari.

"Bado inazunguka. Cousin yako alisema saa nne unusu, ama?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli! Mlango uko wazi, makambi yako pale ng'ambo, muda bado upo. Unajua nilisema nini? Nilivuta kiti nikasema, "Labda alimaanisha saa za kwao."

Kiduara kikazunguka. Yakaja maandishi mekundu: mitambo haipatikani. Tukajaribu tena. Haipatikani. Tukajaribu tena!

Bi Zuhura alikuwa amechoka kututazama, akafungua simu yake. Makambi yalikuwa yanarushwa moja kwa moja, na yeye hupenda nyimbo. "Mbona hawa wamevaa tai kama zenu?" akasema.

Tukageuka wote wanne. Alikuwa Kemunto, mikono juu, anaongoza. Walikuwa wamepandishwa jukwaani mapema. Wimbo ulikuwa mtamu, ndugu yangu, mtamu! Kisha sauti zikanyamaza, na mke wangu akaelekeza mkono wake kulia, mahali petu. Hapakuwa na mtu. Mkono ukabaki hewani.

Nikaanza kuimba besi palepale, naiimbia simu. Onchari akaunga. Tuliimba wote wanne ndani ya saiba, na Bi Zuhura akatutazama kwa huruma ya kweli.

Ndipo kwenye simu, safu ya mbele, mtu akasimama. Mama mkwe! Mkoba mkononi, kitambaa kichwani, akaiimba besi yote, nzito, bila kukosea hata neno. Wiki nzima alikuwa amemsikia Kemunto akiufanyia mazoezi jikoni kwetu. Hema likalipuka, "Amina!"

Tuliporudi, Kemunto alikuwa anakunja karatasi zake. Nikamwambia yote, mbele ya Onchari, mpaka habari ya binamu asiyekuwepo. Onchari alishika kichwa. "Yaya, hapana! Nimetoroka makambi juu ya cousin hewa?"

Kemunto hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Huo mchezo umeungoja miaka tisa," alisema. "Mimi nilitaka dakika nne."

 

Nafasi yangu ya besi imechukuliwa na mama mkwe. Kila Jumatano anatoka Nyansiongo kuja mazoezini, na mimi kazi yangu ni kumshikia mkoba akiimba. Wewe wajua heshima ya kwetu, mkwe hamzoei mama mkwe, hata machoni hamtazami. Basi nasimama na mkoba wa kike, nimeinamisha uso, na watoto wanapita wakinipigia saluti!

Wewe unayengoja kitu ambacho wenyewe walikizima, ngoja tu, sikukatazi. Lakini usikidanganyie watu. Na siku habari njema itakapokujia kutoka mbali, itazame vizuri kabla hujakimbia, huenda ni uongo wako unarudi nyumbani. Kisha angalia ni nani atakayebaki ameinua mkono akikutafuta.

Wiki jana Onchari alinitumia ujumbe: "Wanasema Ngome inarudi Jumatano saa kumi. Si cousin yako, hii ni ya ukweli." Moyo uliruka, sitakuficha.

Jumatano saa kumi, kabla ya mazoezi, nilikuwa mlangoni mwa kanisa, wa kwanza kufika. Kemunto alinikuta hapo. Alininyooshea kola, akaingia. Nyuma yake mama mkwe akaninyooshea mkoba, nikaupokea kwa mikono miwili.