Kofia ya Sufu Kwenye Jua la Kiritiri

Kuna kijiji kimoja karibu na Kiritiri ambako mpaka leo nikifika, wanawake wanamwangalia kwanza mtoto wangu kichwani, halafu wananiangalia mimi, halafu wanaangaliana na kuanza kucheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini. Aibu ni yangu. Heri niwaambie mwenyewe kabla wifi zangu hawajaiongeza chumvi zaidi.

Mimi ni mtu wa Timau. Kwetu baridi haina likizo, mtoto anavalishwa sweta juu ya sweta, na ukimtoa nje bila kofia hata mtu asiyekujua atakusimamisha barabarani akugombeze. Mbu nilikuwa nawajua kwa kusikia tu. Sasa nikaolewa na Njeru, mtu wa Mbeere, huko upande wa Kiritiri, tukapata msichana, na kwa desturi ya kwao msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, kwa hiyo mtoto wangu ni Igoki na mama mkwe ni Igoki. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe tukaitwa nyumbani ili nyanya amwone mwenye jina lake. Wanawake wa kanisa walikuwa wamealikwa, majirani wamealikwa, mbuzi anangoja, na mimi nilikuwa na wasiwasi tangu Timau, kwa sababu hawa watu hawakunijua, na nilichotaka kuliko vyote ni waseme Njeru ameoa mama anayejua kulea.

Tulifika jioni, na joto, jamani, joto la kukutoa jasho ukiwa umekaa! Mama mkwe akatuonyesha chumba chetu, juu ya kitanda kumefungwa neti mpya, akasema, "Mama Igoki, mfunike vizuri. Mbu wa huku si wa mchezo."

Nikasema asante, mama. Lakini mlango ulipofungwa nikaiangalia ile neti nikaona itamnyima mtoto hewa (tena ilikuwa na harufu ya dawa ambayo sikuipenda hata kidogo), basi nikaifungua, nikaikunja, nikaifanya mto, na dirisha nikaliacha wazi kidogo tupate upepo. Njeru alikuwa anakoroma tayari.

Asubuhi yeye aliondoka mapema kwenda kuchinja mbuzi na ndugu zake. Mimi nikamgeuza mtoto nimnyonyeshe, na moyo ukaniruka. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa, kope zimevimba zinang'aa, sikio limekuwa gumu na la moto, na mkono mmoja umefura mpaka vidole havikunjiki. Yeye alikuwa ananyonya tu na kuniangalia kwa jicho lililobaki. Nilijua mbu huwasha, sikujua anaweza kufunga jicho la mtu, kwa hiyo kichwani mwangu ilikuwa nge, ama buibui, ama jicho limeshapofuka. Ningeita mtu hapo hapo mambo yangeishia chumbani. Lakini swali la kwanza lingekuwa ni neti, na neti iko chini ya kichwa changu! Nikaamua nimfunike kwanza, labda uvimbe utashuka kabla wageni hawajafika.

Nikamvalisha sweta zake zote, nikavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, nikamviringisha na shali ya Timau, nikaenda kukaa kwenye kona ya sebule nikiwa nimemkumbatia, huku natetemeka.

Wageni wakaja na vigelegele. "Lete huyo Igoki mdogo tumshike!"

"Amelala," nikasema.

"Si nimemsikia sasa hivi akilia?" akauliza Wawira, dada ya Njeru.

"Analialia usingizini."

Kila aliyenyoosha mikono nilimgeuzia bega. Mama mmoja mzee akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu mtoto anafichwa kwa nini? Ama hafanani na sisi?" Wengine wakacheka, lakini si kicheko cha raha, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Mama mkwe akaja akaketi karibu na mimi. Nilikuwa nachungulia ndani ya shali kila saa, je, na mdomo umeanza kufura? Mbona anapumua haraka hivi? Jasho linamtoka, mbona amenyamaza? Nilijua naharibu, na bado sikusema, kwa sababu kila dakika iliyopita ilikuwa inafanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Mama mkwe akaingiza mkono chini ya shali akashika mguu. "Ngai! Huyu mtoto anaungua!"

Akaninyang'anya, shali ikaanguka, kofia ikatoka, na nyumba nzima ikapiga kelele. Mmoja akasema ni surua, wenye watoto wakawabeba mbio nje, mwingine akasema ni nyoka, mwenye kuomba akaanza kuomba. Njeru akaja mbio na damu ya mbuzi mpaka kwenye viwiko. Kaka yake alikuwa na lori la kubeba mchanga hapo nje, basi mimi, mtoto na mama mkwe tukaingia mbele, na nyuma wakapanda Njeru na kanisa karibu lote, wanaimba na kulia pamoja.

Tulipofika zahanati, muuguzi akatoka nje akaona wanawake wanaruka kutoka kwenye lori wamejaa mchanga, na mwanamume mwenye damu. Akapiga kelele, "Ajali iko wapi?"

Alipoelewa, akamlaza Igoki mezani akaanza kumvua. Sweta ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mtoto akavuta pumzi ndefu akarusha miguu. Akapimwa malaria, na hapo tulingoja majibu mpaka tukaambiwa hana.

"Hii ni mbu," muuguzi akasema. "Mtoto mdogo ambaye hajawazoea anaweza kufura hivi, na hapa kwa macho ndiyo hufura sana. Mwekeeni kitambaa cha maji baridi, nitawapa dawa ya kutuliza mwasho, mkate kucha asijikune. Akipumua kwa shida ama homa ikimshika, mrudisheni mbio. Lakini hii joto ya leo ni ya sweta. Kwani alilala bila neti?"

"Neti iko, niliifunga mimi mwenyewe!" akasema Wawira. Wanawake walikuwa wamejaa dirishani.

Nikasema polepole, "Niliilalia."

"Uliilalia?"

"Niliifanya mto."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Mama mkwe hakucheka. Alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Igoki, kufura hakunitishi, wangu wote walifura. Kinachonitisha ni kwamba ulikaa na mimi asubuhi yote ukitetemeka, na hukuniambia." Hapo ndipo nililia, mbele ya wote, na kamasi juu.

Usiku huo mama mkwe alilala na mtoto yeye mwenyewe, chini ya neti yake, na mimi sikuwa na mdomo wa kukataa. Jicho lilifunguka asubuhi mikononi mwake, na sura ya kwanza ambayo mtoto aliiona kwa macho yote mawili ilikuwa ya nyanya yake, akamchekea kabisa, wakati mimi niko jikoni nasugua sufuria. Niliumia, nisiwadanganye, lakini haki ilikuwa yake. Nimeapa: siku nyingine mtoto akipatwa na kitu nitapiga kelele kwanza, hayo ya kuonekana mama mzuri nitayatafuta akishapona.