Riwaya Iliyofungiwa Sambaza

Nilisikia mlio kabla sijaona chochote. Mwezi uliopita, nikipita sokoni Gisenyi, mji wa Rwanda mpakani na Kongo nilikokulia, kitu kilipiga mluzi nyuma ya kibanda cha fundi simu, kikakwaruza, kikapumua. Fundi alikuwa akijaribu modemu kuukuu. Nilisimama nikicheka peke yangu, kwa maana mlio ule, rafiki yangu, ndio uliokuwa jogoo wa nyumba yetu.

Mama alikuwa na sekretariati, chumba kimoja karibu na ziwa, akiwachapia watu barua na mialiko ya harusi. Mashine ya taipu ilipoipisha kompyuta, mwishoni mwa miaka ya tisini, aliweka sheria: hakuna kuingia na viatu. Aliamini virusi huingia na vumbi jeusi la volkano. Mlangoni palijaa kandambili kama msikitini. Hata wanajeshi walivua buti. Kazi yangu ilikuwa kufagia, na kuifunika kompyuta kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

Mteja niliyempenda alikuwa mwalimu wetu, aliyerudi kutoka Tanzania na riwaya kichwani. Wachapishaji walimwambia Kiswahili hakina wanunuzi huku. Basi aliandika kwa mkono, mama akachapa, na karatasi za mkono zilizokwisha kuchapwa zikaenda kwa jirani aliyekaanga sambaza, vidagaa vya ziwa letu, azifungie samaki. Hivyo mtaa mzima uliisoma riwaya vipande vipande, vidole vikinukia mafuta na pilipili. Tulipopata modemu, mwalimu akaanza kutuma sura moja moja kwa rafiki yake wa Dar es Salaam, aliyeziweka kwenye mtandao.

Siku moja bwana harusi alivuka mpaka kutoka Goma. Alivua viatu kwa adabu, akapangusa hata nyayo. Disketi ya mialiko yake ilikuwa mfukoni mwa shati, na mama akaiingiza bila wasiwasi. Kesho yake kompyuta iliwaka, lakini kazi zote zilikuwa zimefutika, riwaya ikiwemo. Na zile za mkono zilikwisha kwenda na samaki.

Mwalimu aliketi sakafuni, soksi zimetoboka. "Miaka yangu yote, dada," alisema.

Mama alipangusa machozi, akawasha modemu. Jogoo akawika. Sura ya kwanza ikashuka mstari kwa mstari, na chini yake maneno ya watu tusiowajua, kutoka Mombasa, kutoka Muskati, wakiuliza mjane ataolewa na nani. Mwalimu aliyasoma kwa sauti. Sura zote zilirudi, isipokuwa ya mwisho, ambayo hakuwa ameituma.

"Bon, mwalimu, ile usiililie," jirani alisema kutoka kizingitini, mikono imejaa unga. "Mi niliisomaka. Haikukuwa muzuri."

"Kwa nini?"

"Mujane anakufa! Mwanamuke wa akili vile, unamuua ju ya nini? Wateja yangu wote walikasirika."

Mama alicheka mpaka akashika meza.

Leo chumba kile kinauza simu, na hakuna avuaye viatu. Hadithi zangu mimi huzituma nikiwa kitandani, na nakala zake haziwezi kuliwa na disketi ya mtu. Sitamani kurudi nyuma; mtandao ndio uliotupa wasomaji tulioambiwa hawapo. Ninachokikosa ni msomaji mwenye unga mikononi, anayekukosoa usoni.

Siku ile mwalimu alisimama, akaomba karatasi. "Basi mjane ataishi," alisema. Akatoka, akavaa viatu vyake upesi upesi kibarazani, na mama akaufunga mlango nyuma yake, vumbi lisije likaingia.