Breki kwenye mteremko wa Kakanda

Mwaka ule mishahara ilisimama, miye nilikuwa natembea tu, kama kawaida yangu. Kwenye mteremko wa barabara ya Kakanda, karibu na kuingia mjini Likasi, nikamkuta Evariste amekaa kwenye jiwe na vyombo vyake vya kazi. Zamani alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Sasa alikuwa anakata matairi makuukuu na kuyafanya breki za baiskeli, kinga kama tunavyoziita kwetu. Vijana waliokuwa wanashusha makala, makaa ya kupikia, walizoea kufunga breki kwa kandambili tu, magunia mawili nyuma, na wengi waliishia mtaroni.

Nikakaa naye. Hakunificha kitu. Mke wake, Hélène, mama wa mtoto wao Carmel, amechoka kuomba unga kwa majirani. Mvua ikiisha bila kazi ya maana, wanauza kitanda, wanakwenda kulima kwa kaka yake kule Lufira. Naye Evariste, mtoto wa Likasi, jembe hajui hata linashikwaje.

Kazi ilikuwa nyingi, mfuko ulikuwa mtupu. Wanaoshuka walisema hawajauza bado, watalipa wakirudi. Jioni walirudi na pesa, wanasukuma baiskeli kupanda. Mmoja wao, Numbi, akamcheka:

— Papa, sasa napanda. Breki ya nini?

Alikuwa na haki kidogo.

Siku moja Hélène akaja kusema lori la Lufira limepatikana. Kichwani alikuwa na beseni lake, ametoka kulitembeza soko la Kikula, hakuna aliyelinunua. Akamsikia Numbi, breki mpya mkononi, akiahidi kulipa jioni. Akaliweka beseni mbele ya gurudumu.

— Weye mutoto, mu gunia iko nini?

— Makala, mama.

— Basi lipa makala.

Evariste akasema polepole kwamba fundi analipwa noti, halipwi vumbi jeusi.

— Noti ya asubuhi, mangaribi hainunue hata chumvi, Papa Carmel. Makala itabakia makala.

Numbi alinung'unika, akafungua gunia. Waliomfuata nao wakafungua. Hélène akalibeba beseni limejaa, akapanga mafungu pale Kikula, akarudi na unga, na dagaa juu yake.

Mvua ilipokwisha nilipita tena. Walikuwa wote wawili pale kwenye jiwe, mikono myeusi. Nikauliza habari ya lori.

— Lilikwenda, akasema Hélène. Tulituma breki moja, ya kinga ya kaka yangu.