Masikio ya Mtabiri wa Farasi

Mume wangu Clifford ni fundi mabomba aliyestaafu, na hapa Skelby sikumbuki aliyewahi kumwita kwa ajili ya bomba tu. Watu walilegeza koki zao wenyewe zivuje, ilimradi aje apige magoti chini ya sinki na awaambie nani atashinda Jumamosi. Mwishowe redio ya mji ikampa kipindi cha Ijumaa jioni. Alikuwa anaanzia mbali: Tokyo kumenyesha, Dubai kuna farasi wa Kifaransa asiyependa joto, Melbourne vile, Paris hivi, halafu polepole anarudi hadi kwenye uwanja wetu nyuma ya kiwanda cha biskuti. Kwa miguu yake hajafika popote kati ya huko. Lakini alikuwa hasemi uongo, na watu walimwamini kuliko kasisi.

Si kwamba ni malaika. Hawezi tu. Akidanganya, masikio yanamwiva kama nyanya. Nililijua hilo tangu siku alipoisifu supu ya mama yangu.

Wiki ya mbio za Novemba akaja jirani yetu Edna Thwaite, keki ya tangawizi mkononi. Marehemu mumewe, Harold, alimwachia farasi jike mmoja aitwaye Chai Imepoa. Harold alimlea tangu kuzaliwa, akafa bila kumwona akishinda hata mara moja. Farasi mwenyewe mzito, ana maringo, na umri umemtupa mkono. Mbio pekee anazoweza kushinda ni zile za mnada, ambazo mshindi huuzwa papo hapo mbele ya umati, na mwenyewe akitaka kurudi naye nyumbani ashindane na wenye pesa.

"Cliff, nataka ashinde mara moja tu, mpandaji wake amevaa rangi za Harold," Edna alisema. "Lakini ukimsifu redioni, yule Pargeter atanipokonya."

Pargeter ni mnunuzi anayepeleka farasi ng'ambo, na kipindi cha Cliff hakimpiti.

"Basi usimwingize."

"Mwakani hatakimbia tena, Cliff. Ndiyo mara ya mwisho."

"Sasa unataka nidanganye watu?"

"Nataka unyamaze."

"Nawataja wote, Edna. Nikimruka mmoja, Pargeter atamtazama huyohuyo."

Edna aliondoka akaiacha keki mezani. Nilimkaripia Cliff, nikamwambia ana roho ya chuma.

"Nina jina langu tu, Maureen," alijibu. "Sina kingine." Keki hakuigusa.

Ijumaa nilikuwa napiga pasi huku nasikiliza. Akamaliza Paris, akafika kwetu. "Chai Imepoa? Mguu wa mbele umekwisha, nimeushika mwenyewe. Huyo anahitaji majani na mapumziko. Kesho ushindi ni wa Kengele ya Shaba." Nikamhurumia Edna. Kumshuku Cliff hakukunijia akilini, kwa sababu mtu aliyekataa ombi mezani kwangu angedanganyaje? Na redio haionyeshi masikio. Kesho yake pesa yangu ya saluni nikaiweka yote kwa Kengele ya Shaba, na nusu ya mji ikafanya vivyo hivyo.

Mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope. Kengele ya Shaba aliishiwa pumzi kwenye kiunzi cha mwisho, na Chai Imepoa akampita bila haraka, kama mama anayekwenda dukani. Rangi za Harold, njano na kahawia, zilikuwa zimelowa chapachapa. Edna alilia waziwazi. Nililia naye, nikikumbuka nywele zangu.

"Cliff, rudi kwenye mabomba!" mtu akapaza sauti.

"Babu umechoka! Pesa zetu ziko wapi?"

Mnada ukaanza. Edna akataja bei yake. Dalali akauliza nani anaongeza. Pargeter akainua mkono nusu, kisha akamwona Cliff.

"Bwana wa redio! Si ulisema mguu umekwisha? Mbona kawaacha wote?"

Watu wote wakageuka. Cliff angeweza kucheka, aseme amekosea, na yangeishia hapo. Lakini Edna alikuwa ameshika hatamu kwa mikono miwili.

"Tope ndilo limembeba," akasema. "Mpeleke kwenye ardhi kavu utaona. Nilichosema ni hichohicho."

Nikamtazama. Jamani, masikio! Yote mawili mekundu, yanaonekana hadi ng'ambo ya uwanja. Hapo nikaelewa, na nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Pargeter alishaanza kumsogelea, amemkodolea macho.

"We mwanamume, baridi yote hii kofia umeiegesha kama kijana!" nikafoka, nikaivuta ile kofia ya sufu hadi shingoni. "Ukiugua nani atakuuguza? Na pesa yangu ya saluni utanirudishia!"

Umati ukaangua kicheko. Pargeter naye akacheka, akaushusha mkono. Nyundo ya dalali ikagonga, farasi akabaki wa Edna.

Edna alitupita na farasi wake bila kutushukuru, maana Pargeter alikuwa bado pale. Chai Imepoa tu ndiye aliyempiga Cliff kikumbo begani.

Jumatatu Cliff akawapigia watu wa redio simu watafute mwingine.

"Kwa uongo mmoja tu?" nikamuuliza.

"Waliweka pesa zao kwa neno langu, Maureen. Hata wewe uliweka." Iliniuma.

Siku hizi Ijumaa, saa ya kipindi ikifika, huwa anatoka nje. Juzi manyunyu yalianza, nikamfuata na kofia. Nilimkuta kwenye uzio wa Edna, anamsimulia farasi habari za Tokyo, Dubai, Melbourne na Paris, taratibu, hadi akafika uwanjani kwetu.

"Na wewe," akamwambia, "ungewaacha wote hata kwenye ardhi kavu."

Nikamtazama masikio. Yalikuwa meupe kabisa.