Mama wa Bibi Harusi Asimame

Nina hasira za karibu, na kila aliyewahi kufanya kazi na mimi atakuambia hivyo. Nimegombana na wenyeviti wa vikao, nimegombana na mpishi wa ubalozi, na mwaka jana nikagombana na kamati ya sendofu ya binti yangu mwenyewe, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, sebuleni kwangu Sekei, Arusha, chai ikiwa bado mezani. Tuligombania kipengele kimoja cha ratiba: bibi harusi kumlisha mama yake keki. Mwenyekiti wa kamati, kijana mwenye adabu zake, alikuwa ameandika jina langu na vyeo vyangu vyote. Nikamwambia afute. Akauliza aandike nani. Nikamwambia aache wazi kwanza, mimi niliyekula mshahara wa serikali miaka yote hiyo kwa kuwa na jibu la kila swali.

Binti yangu ana mama wawili. Mmoja ni mimi niliyemzaa. Mwingine ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyemlea Kimandolu tangu hajaanza kutambaa. Mume wangu alifariki mapema, nikabaki na mtoto mchanga na hamu ya siasa ambayo ndugu wengi waliona ingezikwa naye tu. Wifi hakuona hivyo. Alikuja, akamfunga mtoto mgongoni, akaniambia niende nikagombee udiwani, na kama ni kurudi nirudi nimeshindwa, nisirudi nimeogopa. Wifi hana maneno mengi, lakini akisema amesema.

Udiwani niliupata. Nilipotaka ubunge kwenye uchaguzi mdogo wa mwaka uliofuata, kampeni zikanifikisha Oldonyo Sambu, na mkutano ule siusahau. Upepo, vumbi, na ng'ombe wanapita katikati ya mkutano bila kumwomba mtu ruhusa. Kimaasai changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo nilikuwa na mkalimani. Nimefika tu kwenye habari ya maji, mzee mmoja akasimama na kuniuliza kwa upole kabisa mtoto wangu nimemwachia nani. Watu wakacheka. Wagombea wenzangu wanaume walikuwa na watoto kibao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa swali hilo. Damu ikanichemka. Nilikuwa nafungua mdomo niharibu kura zote za kata ile, mara wifi akajitokeza kutoka nyuma ya umati, mwanangu yuko mgongoni amelala, mdomo umejaa masalia ya loshoro, yale mahindi ya kupondwa na maziwa mgando.

"Yuko hapa, baba, na ameshiba," wifi akasema. "Sasa muulize mama yake habari ya maji."

Mzee akauliza habari ya maji, nami nikamjibu vizuri. Nilishinda ubunge, na sitaki mtu aniambie nilishinda kwa sera.

Baadaye nikateuliwa kuwa balozi katika nchi ya mbali, yenye baridi inayofanya ile ya Julai ya Arusha ionekane mzaha. Nilitaka kumchukua mtoto. Akagoma. Alikuwa na shule yake, alikuwa na rafiki zake, na alikuwa na Mama, maana ndivyo alivyomwita shangazi yake. Nikaenda peke yangu. Likizo yangu ya kwanza nilifika Kimandolu na sanduku la zawadi, mtoto akatoka ndani mbio, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa nimshike, kama watoto wa huku wanavyoamkia wakubwa, na akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Kisha nikaenda chooni nikalia. Mtoto hakuwa na kejeli yoyote. Dereva aliniita hivyo, mchungaji aliniita hivyo, hata muuza ndizi pale kona aliniita hivyo, naye akadhani ndilo jina langu. Wifi akamkanya, akamwambia aniite Mama. Akaniita kama mtu anayemeza dawa chungu, na kufika jioni alikuwa amerudi kwenye Uheshimiwa. Nikamwambia wifi amwache. Basi likabaki hilo. Aliniita hivyo kwenye simu, aliniita hivyo alipofika chuo kikuu, kwa upendo mwingi tu na utani ndani yake, lakini lile neno jingine nililitamani, na sioni haya kulisema.

Hata hivyo sijutii. Waandishi wa habari hupenda kuniuliza niliwezaje siasa na familia, wanangoja nitoe machozi. Nawajibu nilikuwa na wifi. Aliuguza surua ya mwanangu. Alimsuka nywele kila Jumapili kabla ya ibada. Alikaa kwenye vikao vya wazazi, na wavulana wa kwanza kupiga miluzi getini aliwatimua yeye kwa ufagio. Nilipokuwa nahutubia watu waliovaa dhahabu masikioni, Kimandolu kuna mtu alikuwa anakagua daftari la hesabu. Jamani, nitamlipa nini mtu kama huyo? Nilitaka kitu kimoja tu: siku ya sendofu asimame mbele ya watu wote, aonekane.

Nilipomwambia, alikataa katakata. Alisema maisha yake yote alikuwa anaogopa watu wasije wakasema amemnyang'anya mama mzazi mtoto wake, na hakuwa tayari kuwapa la kusema siku ya mwisho. Aliyezaa ndiye asimame, na maneno yakaishia hapo. Kamati ikachoka na sisi, ikaandika tu "mama wa bibi harusi".

Siku ikafika. Mimi nilikaa meza kuu. Wifi alijichagulia kiti kule nyuma kabisa, karibu na chakula, eti awaangalie wapakuaji. Muda wa keki ukafika, MC akatangaza, "Mama wa bibi harusi asimame." Sikusimama. Wifi naye hakusimama. MC akarudia, akidhani spika zina tatizo. Muziki ukazimwa. Binti yangu amesimama na kipande cha keki mkononi, macho yanatoka kwangu yanakwenda nyuma, yanarudi kwangu. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mataifa yalinuniana, lakini kimya cha pale ukumbini kilinishinda.

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Nikaipita keki, nikampita MC, nikatembea mpaka nyuma kwenye kiti cha wifi, nikampa mkono.

"Wifi, nyanyuka. Mtoto anamsubiri mama yake."

"Watu watasema," akanong'ona.

"Mwenye mtoto ni mimi," nikamwambia, "na mimi nimeshasema."

Akaweka sawa kitenge chake, akaenda. Vigelegele vilianzia kwa wanawake wa Kimandolu vikaenea ukumbi mzima, na wifi akalishwa keki huku machozi yanachuruzika, akitafuna na kulia kwa pamoja. Mimi nikaketi pale pale kwenye kiti chake, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Sidhani kama nimewahi kufurahi hivyo, hata siku ya kuapishwa.

Baadaye bibi harusi akaja nyuma kuwasalimia kina mama. Viti vilibanana na gauni lake lilikuwa kubwa. Alikuwa ameinama analikusanya lisikanyagwe, akakiona kiti alichokuwa amekalia shangazi yake tangu sherehe ianze, na bila kuinua kichwa akasema, "Mama, sogea kidogo nipite."

Kisha akainua macho, akaona ni mimi. Nikangoja ajisahihishe. Akanitazama, gauni liko mikononi, na akasema tena, polepole, "Mama, sogea."

Nikasogea.