Duara Katika Mtama wa Baba Mdogo

Makosa ni yangu, na siombi mtu anihurumie. Mama yangu hana kwake leo kwa sababu ya kitu nilichofanya mimi.

Baba alipokufa, mdogo wake alisogeza mpaka wa shamba letu huku Masii, akamwachia mama kipande tu cha kupanda ndengu. Mama alinyamaza. Mimi moyo wangu haukunyamaza.

Niliacha shule darasa la saba nikawa wa kuzurura, leo machimbo ya mawe, kesho mjengo. Lakini napenda kujua mambo! Kwa simu niliona maduara makubwa yanayotokea katika mashamba ya Wazungu. Wengine wanasema ni vyombo vya angani, wengine upepo. Halafu nikaona watu wakiyachora wenyewe kwa ubao na kamba. Nikasema, baba mdogo, nimekupata!

Nilirudi kimya Jumapili moja, kijiji kizima kikiwa kanisani. Nikaulaza mtama wake kwa ubao, duara safi kubwa kuliko boma lake. Nikatoroka. Kesho yake nikaingia na begi, kama mtu anayetoka mbali.

Wueh! Watu walijaa pale.

"Hii ni ndege ya watu wa sayari nyingine," kijana mmoja alisema.

"Waache Nairobi washuke Masii? Wanafuata ndengu?"

Mwalimu akasema ni kimbunga.

"Kimbunga gani kinachora kama sahani, mwalimu?"

Mzee wa kanisa akakata maneno: ni uchawi.

Vibarua walikataa kuvuna. Ndege wakala mtama wote. Baba mdogo alikonda, na mimi nilikuwa nalala nikicheka!

Kisha akauliza mbele ya watu, "Jumapili ile, nani hakuja kanisani?"

Ni mama peke yake. Mguu wake ulikuwa umevimba.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikanyamaza, jameni! Nilitaka kumwona baba mdogo akiogopa siku chache zaidi. Siku hizo hizo wanawake wakaacha kununua ndengu za mama sokoni. Kanisani akaachiwa benchi zima. Mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati yetu.

Nilipokubali kusema ni mimi, nilichora duara lingine mbele ya wanakijiji wote. Wakatikisa vichwa.

"Ni mama yako amekufundisha, kijana."

Baba mdogo akatabasamu!

Mama amehamia kwa dada yake huko Mitaboni. Ng'ombe wa baba mdogo sasa wanalala jikoni kwa mama. Nilipomwambia mama yote, aliniuliza tu, "Mwanangu, nilikutuma unilipizie?"

Wewe unayepanga kisasi cha kujificha, acha! Wakikukosa, watamshika yule unayempigania. Mimi baba mdogo sijamsamehe, na sitamsamehe. Lakini sasa nimemshtaki kwa ajili ya shamba, kwa jina langu kamili, na siku ya kesi nitasimama mbele yake anione.